Ngome ya Kalenga na Kichwa Kilichosafiri

Bwenini kwetu kuna ugonjwa. Semista hii umeingia karibu kila chumba: tamthilia za makasri ya Ulaya. Mtu bumu halijaingia, bando kaazima kwa jirani, lakini anakwambia bila kusita ni nani aliyemtilia mfalme sumu, mlango wa siri uko nyuma ya kabati gani, na mtoto halali wa malkia kafichwa kwenye kanisa lipi. Siandiki kuwasema wenzangu, maana mimi mwenyewe sijapona. Nilianza mapema. Nikiwa sekondari nilimaliza Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla kwa usiku mmoja, kisha nikahamia kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba. Napenda siri, napenda mtu anayesakwa, napenda ngome yenye ukuta mrefu.

Sasa ninauliza swali moja tu. Sisi tunasoma Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Jina hilo lipo getini, lipo kwenye kitambulisho, lipo kwenye karatasi za mitihani. Ni wangapi kati yetu wanajua kwamba mwenye jina alijenga ngome, alipigania kiti cha baba yake na shemeji yake, alisakwa miaka minne, na fuvu la kichwa chake likaandikwa kwenye mkataba wa amani wa dunia nzima? Kalenga ni kama kilomita 15 kutoka mjini Iringa. Nauli ya daladala haifiki bei ya bando la wiki.

Nina sababu nyingine ya kuandika, na hii inanitia aibu kidogo. Mimi ni mtoto wa Mbeya. Nimezaliwa mjini, lakini bibi yangu mzaa baba yuko Usangu, wilaya ya Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga. Mwaka jana nilifanya BTP kwenye shule moja ya huko, nikapewa Historia. Siku ya kufundisha upinzani dhidi ya ukoloni nilijipanga hasa: andalio la somo safi, chati ya manila, mchoro wa Mkwawa kashika bunduki. Nikafundisha Lugalo mpaka vijana wakapiga makofi. Nikauliza kama kuna swali. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Alitaka kujua, kama Wahehe walipigana na Wajerumani, basi sisi Wasangu tulikuwa upande gani.

Darasa lilinyamaza kimya. Jibu nilikuwa nalijua nusu, kwa yale yaliyokuwa yakinong'onwa nyumbani. Nikamwambia hilo halimo kwenye muhtasari, tutalizungumza siku nyingine. Siku hiyo nyingine haikufika, BTP ikaisha. Mwezi wa saba narudi shule ileile, na nina hakika yule binti hajasahau. Kwa hiyo muhula huu nimeyasoma maisha ya huyu mtu upya, toka mwanzo, kama anayepeleleza kesi.

Jina lake ni Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga. Wenye lugha yao wanalifasiri kuwa ni mtu anayeziteka nchi. Likafupishwa, likawa Mkwawa. Alizaliwa mnamo 1855 huko Luhota, si mbali na mji wa Iringa wa leo. Ukoo wenyewe una hadithi yake ya mwanzo, na watazamaji wa tamthilia wangeipenda: mwindaji mgeni aitwaye Mufwimi alifika nchini, akapendana na Semduda, binti wa mtawala, akaondoka kabla mtoto hajazaliwa, akafia porini. Mtoto akaitwa Muyinga, na kutoka kwake ndiyo wakatoka watawala. Hayo ni masimulizi ya ukoo, nami nayachukua kama masimulizi.

Yasiyo masimulizi ni kazi ya Munyigumba. Kabla yake Uhehe haikuwa nchi moja. Yalikuwa maeneo mengi madogo, kila moja na mtwa wake. Munyigumba aliyaunganisha kwa vita na kwa ndoa, na alipomaliza ndani akaanza kutazama nje. Waliopata shida ya kwanza ni sisi. Usangu wakati huo ilikuwa chini ya akina Merere na ilikuwa na nguvu. Hata mbinu za vita za Wahehe inasemekana nyingine walijifunza kwa kupigana na Wasangu. Mwaka 1877 Mwingereza Frederic Elton, aliyekuwa konsuli wa nchi yake, alipita huko akaukuta mji wa Merere umezingirwa na Wahehe. Kwa hiyo ugomvi wa Wahehe na Wasangu ulikuwapo kabla Mjerumani hajakanyaga nyanda zetu. Hili liwekeni kiporo, nitalirudia.

Munyigumba alifariki mwaka 1879, na hapo ndipo mambo ya ikulu yalipoanza. Kiti alikitaka Mwamubambe, aliyekuwa ameoa binti wa marehemu na aliyekuwa na nguvu katika jeshi. Damu ikamwagika ndani ya familia. Mkwawa, kijana wa miaka ishirini na kitu, yaani umri wetu huu, alilazimika kukimbilia Ugogo. Hakukaa huko kulia. Alijikusanyia watu, akarudi, Mwamubambe akashindwa na kuuawa. Wakati huohuo Wangoni walikuwa wakishambulia kutoka kusini, na vita vyao na Wahehe viliisha bila mshindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mkwawa alikuwa mtwa peke yake, hana mshindani nyumbani.

Hapa lazima tuseme ukweli wote, maana vitabu vyetu vya shule hukimbilia kwenye ushujaa. Mkwawa alikuwa mtawala mkali. Vikosi vyake vilishambulia Ugogo, Usagara na Usangu, vikachukua ng'ombe, pembe na watu. Misafara ya biashara iliyokatiza ililipa hongo la sivyo ilikiona. Wasangu walifukuzwa kwao, wakasogea hadi karibu na Mbeya ya leo, ambako Merere alijenga makao yake mengine yenye ukuta, Utengule ya Usongwe. Ukitoka Mbalizi si mbali. Fikiria hilo: bibi za bibi zetu walilala nyuma ya ukuta wa mawe wakimwogopa mtu ambaye leo jina lake lipo kwenye kitambulisho changu.

Miaka ya mwisho ya 1880 Mkwawa naye alianza kujenga. Hiyo ndiyo ngome ya Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, ikaitwa Lipuli. Ukuta wake wa mawe na udongo ulikuwa mrefu, ukauzunguka mji kwa kilomita kadhaa. Ndani yake mlikuwa na nyumba za mtwa, za wake na za askari, na ghala za pembe na baruti. Hata jina la mji wetu linatokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Kila ukimwambia mzazi kwamba unasoma Iringa, unamwambia unasoma ngomeni.

Wakati ukuta unapanda, Wajerumani walikuwa wameshajitwalia pwani na walitaka njia ya kwenda bara. Mtu anayetoza hongo katikati ya njia hawakumtaka. Mwaka 1891 walimtuma Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi lao, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo kwa ukatili wake. Alitoka na maafisa wa Kizungu, askari mamia kadhaa, wapagazi na mizinga. Wahehe aliwadharau. Aliamini watu wa mikuki hawawezi kuwasimamia watu wa bunduki.

Tarehe 17 Agosti 1891 msafara ulikuwa Lugalo, leo ni kando ya barabara iendayo Dar es Salaam, unapita na basi hujui. Walikuwa wakitembea mstari mmoja mrefu kwenye njia nyembamba, kushoto vichaka, kulia mawe, bunduki nyingi hazijajazwa risasi. Wahehe walikuwa wamelala ndani ya vichaka hivyo. Mlio mmoja ukasikika, watu wa mikuki wakatoka pande zote. Askari hawakupata nafasi hata ya kushusha mizigo. Mapigano ya nguvu yalikuwa ya dakika chache. Zelewski alikufa hapohapo, pamoja na Wazungu wengine tisa na mamia ya askari na wapagazi. Waliosalia walikuwa wa nyuma, chini ya Luteni Tettenborn. Wahehe nao walipoteza watu wengi, ila walibeba bunduki zipatazo mia tatu na mizinga mitatu. Jina la Lugalo leo liko kwenye kambi ya jeshi Dar es Salaam, na ndipo lilipotoka.

Kama ingekuwa filamu, ingeishia hapo, muziki ukipanda. Lakini angalieni alichofanya mshindi baadaye. Aliyeshinda kwa kujificha vichakani aliamua kusubiri nyuma ya ukuta. Wajerumani walirudi mwaka 1894 chini ya Gavana von Schele mwenyewe, wakiwa na mizinga na afisa Tom von Prince, aliyejulikana kama Bwana Sakarani. Waliipiga ngome kwa mizinga, na alfajiri ya tarehe 30 Oktoba wakaivamia. Wahehe walipigana nyumba kwa nyumba, lakini ukuta wa kilomita kadhaa hauwezi kulindwa kila mahali, na mkuki hauna kazi mbele ya kombora. Kufikia mchana Lipuli ilikuwa imeanguka. Wajerumani waliikuta baruti nyingi na pembe nyingi. Mkwawa hawakumkuta.

Hapa ndipo nilipokaa sana niliposoma. Katika tamthilia zetu kasri ndiyo kila kitu; kasri likianguka, mfalme kaisha. Lipuli ilichukua miaka kujengwa, ikaanguka kwa siku chache. Baada ya hapo mtu asiye na ukuta, asiye na ghala, asiye na mji, aliishi ndani ya nchi yake mwenyewe karibu miaka minne, akisakwa na jeshi lenye bunduki za kisasa, na hakushikwa. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa na watu wanaonyamaza.

Mwaka 1896 Prince alikuja kujenga boma kwenye mlima, ndiyo huu mji wa Iringa tunaouona. Alitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Kwa mkulima wa wakati ule hizo ni fedha za kubadili ukoo mzima. Doria zilitoka boma kila mara, zikifika kijijini zinakuta majivu ya moto bado yana joto, na kijiji kizima hakijaona mtu. Chakula kilimfuata porini, na habari za Wajerumani zilimfikia kabla Wajerumani hawajafika. Wakati mwingine aliweza hata kuzishambulia doria na vituo vidogo.

Wajerumani wakajaribu mbinu ya ikulu. Mwishoni mwa 1896 walimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa kwa baba, awe mtwa mpya chini yao. Sherehe ikafanyika, watu wakaonyeshwa mkubwa wao. Haikufika miezi miwili. Prince alianza kushuku kwamba Mpangile mchana yuko bomani, usiku salamu zake na siri za boma zinakwenda porini kwa kaka yake. Mapema mwaka 1897 Mpangile alinyongwa. Kama kweli alikuwa akimsaidia Mkwawa, basi alivaa kilemba cha adui ili amlinde ndugu. Kama hakuwa akimsaidia, alikufa kwa kosa ambalo si lake. Kwangu mimi huyu ndiye mtu wa siri kuliko wote katika kisa hiki, na sijamwona kwenye andalio la somo la mtu yeyote, langu likiwemo.

Na Wasangu? Turudi kwenye kiporo chetu. Merere alishirikiana na Wajerumani. Wasangu walitoa watu wa kumsaka Mkwawa, na Wajerumani wakawarudisha Usangu, kwenye ardhi waliyokuwa wamefukuzwa. Ndilo jibu ambalo sikumpa yule binti. Sio jibu tamu, lakini ukilisikia baada ya kusikia habari ya ukuta wa Utengule na ng'ombe waliochukuliwa, unalielewa. Merere hakuwa na ramani ya Afrika ukutani yenye rangi za wakoloni. Alichokijua ni jirani aliyemnyang'anya nchi, na mgeni aliyeahidi kumrudishia. Kwamba mgeni huyo alikuja kuzichukua nchi zote mbili, ya Merere na ya Mkwawa, hilo sisi tunaliona kwa sababu tumezaliwa baadaye.

Kilichomaliza ule ukimya wa Uhehe hakikuwa rupia. Kilikuwa njaa. Mashamba na maghala yalichomwa, mifugo ikachukuliwa, watu wakahamishwa karibu na boma ili wasimlishe mtu wa porini. Mmoja mmoja wakubwa wa Uhehe walijisalimisha. Kufikia katikati ya 1898 Mkwawa alikuwa amebaki na watu wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Tarehe 19 Julai 1898, sehemu iitwayo Mlambalasi, magharibi ya Iringa, doria ya sajini Merkl ilikuwa karibu naye sana. Walimkamata kijana mmoja aliyekuwa akimhudumia, wakamfanya awaongoze. Walipokaribia waliona watu wawili wamelala kando ya moto. Merkl alifyatua risasi, ikampiga mmoja kichwani. Walipofika wakakuta wote wawili walikuwa wameshakufa. Mkwawa alikuwa amemuua mtumishi wake, kisha akajipiga risasi, ili asifungwe kamba na kupitishwa mbele ya watu wake. Alikuwa na umri wa miaka kama arobaini na mitatu.

Merkl alikikata kichwa akakipeleka Iringa. Mwili ulizikwa Mlambalasi, kaburi lipo mpaka leo. Kichwa hakikuzikwa.

Sasa hapa wenzangu wapenda upelelezi tegeni masikio. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaisha, Mjerumani akashindwa. Mwingereza Horace Byatt, aliyekuwa msimamizi wa nchi yetu wakati ule, alipendekeza kwa serikali yake kwamba fuvu la Mkwawa lirudishwe, kuwashukuru Wahehe walioisaidia Uingereza vitani na kuwaonyesha watu kwamba enzi ya Mjerumani imepita. Pendekezo hilo lilisafiri mpaka Ufaransa. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, uleule uliogawa mipaka ya Ulaya na kuitoza Ujerumani fidia ya vita, ukawa na kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani iikabidhi Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Katika kifungu hichohicho mmetajwa pia msahafu wa Khalifa Othman. Wakubwa wa dunia waliweka saini zao chini ya maneno hayo.

Miezi sita ikapita. Wajerumani walisema fuvu hilo halijulikani liko wapi. Barua zikaenda na kurudi, Waingereza wenyewe wakachoka, suala likalala. Likalala miaka zaidi ya thelathini.

Aliyeliamsha ni Gavana Edward Twining, baada ya Vita ya Pili. Mwaka 1953 alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen. Humo alikuta mafuvu yapatayo 2,000, na kati yake 84 yalikuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hayakuwa na majina. Twining alikuwa amebeba vipimo vya vichwa vya jamaa wa ukoo wa Mkwawa walio hai, akatafuta mafuvu yenye vipimo vya kukaribiana nao, na katika hayo machache moja lilikuwa na tundu la risasi. Akasema ndilo. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Zilibaki siku thelathini tu kutimia miaka 56 tangu Mlambalasi.

Je, ni lake? Nilipokwenda Kalenga Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, nilikuwa na swali hilo tu kichwani. Fuvu limo ndani ya sanduku la kioo, dogo kuliko nilivyotarajia. Nilikaa mbele yake kama Willy Gamba, nikitafuta tundu. Nikapima ushahidi. Kupima umbo la kichwa ili kujua mtu ni wa ukoo gani ni elimu ya zamani ambayo leo hakuna mwanasayansi makini anayeitegemea. Na katika nchi iliyopigwa vita vingi vile, Mkwawa hawezi kuwa mtu pekee aliyekufa kwa risasi ya kichwa. Kwa upande mwingine, ukoo ulilipokea, ukalilia, ukalitunza. Nani mimi wa kuja na daftari kuwaambia waliolia kwamba wamekosea?

Nikiwa pale likanijia swali jingine, na hili ndilo lililonitoa nje nikakae kwenye ngazi. Yalikuwa 84. Twining alichagua moja. Yale mengine 83 yalikuwa ya nani? Kila moja lilikuwa na mama aliyelipa jina. Huenda wamo Wahehe wa Lipuli. Huenda wamo Wasangu. Hao hawana kifungu kwenye mkataba wowote. Kule Songea wanamtafuta mpaka leo kichwa cha Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Maji Maji. Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika huko Novemba 2023, akaomba radhi, akaahidi kusaidia kutafuta. Mwaka huohuo kipimo cha vinasaba kiliwapatia ukoo mmoja wa Kilimanjaro fuvu la babu yao Akida, mshauri wa Mangi Meli. Kwa hiyo inawezekana. Kinachotakiwa ni watu wa kuuliza, na watu wanaofundishwa kuuliza ndio hao tunaokwenda kuwafundisha.

Jioni ile nilimpigia bibi simu. Bibi yangu hampendi Mkwawa, niseme wazi. Nilipopata chuo na kumwambia jina lake, alikaa kimya, kisha akauliza kama huko kwa Wahehe nitapewa chakula. Tulipokuwa wadogo, mtoto asiyetaka kulala alitishiwa kwamba Wahehe wanakuja. Basi nikamweleza kwamba nimetoka Kalenga, nimeiona ngome, au tuseme mabaki yake, nimeuona na ukumbi. Akataka kujua kaburi likoje. Nikamwambia mwili uko Mlambalasi, kichwa kiko Kalenga ndani ya kioo. Hakuelewa. Nikarudia. Akaniuliza kwa nini hawajakizika. Nikaanza kumweleza habari za makumbusho, elimu, watalii, watoto wa shule. Akanikatiza. Alisema alichowafanyia babu zetu anakijua, na hajakisahau, lakini mtu anazikwa. Hata huyo. Akaniambia nimsalimie baba, akakata simu ili salio langu lisiishe.

Nimelifikiria hilo kuliko vitabu vyote nilivyosoma muhula huu. Sijui ukoo wa Mkwawa wanaonaje, na uamuzi ni wao, si wangu wala wa bibi. Lakini andalio langu la somo la mwezi wa saba limebadilika. Chati ya manila itakuwepo, Lugalo itakuwepo, makofi yakija nitayapokea. Ila kipindi nitakianza na swali la yule binti, nitalijibu bila kulipunguza: tulikuwa upande wa pili, na sababu zake ni hizi. Kisha nitawasimulia Mpangile. Kisha nitawaandikia ubaoni namba 83, niwaache waikokotoe wenyewe.

Na kwa wenzangu wa ghorofani: Jumamosi ijayo mimi na watu watatu tunakwenda Kalenga, kisha tukibakiwa na nauli tunapanda Gangilonga jioni kuutazama mji. Tunaondoka saa mbili asubuhi getini, pale penye jina lake. Atakayekuja aje na maji ya kunywa na viatu vya kutembea. Tamthilia itamsubiri.